Nauli Mkononi, Kiti Je? Kupima Nafasi Yako ya Kudahiliwa Chuo Kikuu cha Umma

Hotuba kwa wazazi, walezi na wahitimu wa kidato cha sita, Moshi. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu, shikamooni. Wazazi na walezi, habari za asubuhi. Na ninyi vijana mliojibanza karibu na mlango, hamjambo? Sogeeni mbele, viti vipo. Mambo ya leo yanawahusu ninyi kuliko mtu mwingine yeyote humu ndani.

Nianze na jambo ambalo kila mtu wa Moshi analijua. Nani humu hajawahi kusafiri Desemba kutoka Dar kuja nyumbani? Unafika stendi ya Magufuli tarehe 22, nauli kamili umeikunja mfukoni. Unaambiwa basi limejaa. La pili limejaa. La tatu limejaa, tena lina watu wamesimama. Sasa rudi stendi hiyo hiyo katikati ya Februari, na nauli ile ile. Unapanda, unachagua siti ya dirishani, na mzigo unauweka kwenye siti ya pili. Je, nauli yako iliongezeka thamani Februari? Haikuongezeka. Kilichobadilika ni watu wangapi wanataka basi hilo siku hiyo.

Sifa za chini za kuingia chuo kikuu ni nauli. Nafasi ya kudahiliwa ni kiti. Naomba mshike picha hiyo, tutairudia.

Kila Julai matokeo yakitoka, macho ya nchi nzima yanaelekea Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Muhimbili, chuo cha afya. Huko ni Desemba kila mwaka. Leo tunazungumzia vyuo vikuu vya umma ambavyo msongamano wake ni mdogo, vile ambavyo mwenye sifa ana matumaini ya kweli. Na nawaambia mapema jambo ninaloliamini kabisa: katika vyuo hivi, kijana anayekosa nafasi mara nyingi hakuzidiwa na wenzake. Amekwama kwenye sentensi moja ya mwongozo aliyoisoma nusu, au tarakimu moja aliyoikosea, au ujumbe mmoja wa simu ambao haukumfikia. Hayo yote yanazuilika. Ndiyo maana tumekutana.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hapo ndipo nyumba nyingi zinapotea njia.

Matokeo ya kidato cha sita yanahesabiwa kwa mizani mbili, na mizani hizo zinakwenda kinyume. Ya kwanza ni ya Baraza la Mitihani, ile inayotoa divisheni. Hapo A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Unajumlisha masomo matatu ya tahasusi. Ukipata 3 hadi 9 ni divisheni ya kwanza, 10 hadi 12 ya pili, 13 hadi 17 ya tatu. Kadiri pointi zinavyopungua ndivyo unavyofanya vizuri.

Mizani ya pili ni ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Hapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kadiri zinavyoongezeka ndivyo unavyofanya vizuri. Na haihesabu masomo matatu. Kwa programu nyingi inataka masomo mawili tu, yale ambayo programu imeyataja, yawe ufaulu kamili, yaani prinsipo mbili, na jumla yake isipungue 4.0. S haihesabiki kuwa prinsipo. General Studies haihesabiki hapo. Hisabati ile ndogo ya BAM nayo haihesabiki hapo, ingawa tutaikuta mbele ikifanya kazi nyingine.

Sasa nisikilizeni vizuri. Tuchukue binti wa Kibosho na kijana wa Mwika. Matokeo yametoka siku moja, na wote wawili wana divisheni ya tatu ya pointi 14. Binti ana D, D na S. Hesabu: 4, 4, 6, jumla 14. Kijana ana D, E na E. Hesabu: 4, 5, 5, jumla 14. Nyumbani kwa kijana wanashangilia, mtoto amefaulu masomo yote matatu. Nyumbani kwa binti kuna ukimya, kwa sababu somo moja lina S.

Tuwapeleke TCU. Binti ana D mbili: 2 na 2, jumla 4.0. Ana sifa. Kijana masomo yake mawili bora ni D na E: 2 na 1, jumla 3. Hana sifa. Divisheni ile ile, pointi zile zile, mmoja yumo na mwingine hayumo.

Mnataka mfano mkali zaidi? Mwenye C, E na F ana pointi 15, divisheni ya tatu. Mwenye E tatu naye ana pointi 15, divisheni ya tatu. Wa kwanza ana 3 na 1, anafika 4.0, ingawa somo la tatu amefeli kabisa. Wa pili ana 1 na 1. Amebakiwa na 2.

Na huko juu pia tofauti ipo. Divisheni ya pili ya 12 inaweza kuwa D tatu, na kwa TCU hizo ni pointi 4 kwa masomo mawili. Inaweza kuwa C, C na S, na hizo ni pointi 6. Mzazi anayesema tu "mtoto wangu ana two ya 12" bado hajasema kitu ambacho ofisi ya udahili inaweza kukitumia. Ofisi inataka kujua: ni masomo gani mawili, na kila moja lina daraja gani?

Wapo humu waliomaliza zamani na sasa wanataka kurudi shule. Nawapongeza kwa moyo wote. Ila waliofanya mtihani mwaka 2014 na 2015 wawe waangalifu, kwa sababu miaka hiyo madaraja yalikuwa na B+, na TCU inayahesabu hivi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, E ni nusu. Kwa hiyo D mbili za mwaka 2015 ni pointi 2, wakati D mbili za mwaka 2016 na kuendelea ni pointi 4. Mdogo mtu na kaka mtu wanaweza kuwa na D zinazofanana kwenye karatasi, na mmoja akawa nje.

Jioni ya leo, kabla ya chakula, chukueni kalamu muandike pointi za masomo hayo mawili kwa mizani ya TCU. Itakuchukua dakika moja.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, na ndilo ningependa tukae nalo muda mrefu. Watu wanauliza: "Chuo fulani ni rahisi kuingia?" Swali hilo halina jibu. Chuo hakina mlango mmoja. Kila programu ina mlango wake, ina idadi ya viti vyake, na ina foleni yake.

Tuangalie hapa hapa mjini. Chuo cha Ushirika kilianza mwaka 1963, katika mkoa ambao wakulima wa kahawa walikuwa wameshaunda KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, tangu 1933. Mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na mwaka 2014 kikawa chuo kikuu kamili, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Ndani ya eneo lile moja la barabara ya Sokoine kuna shahada ya sheria, kuna uhasibu na fedha, kuna ununuzi na ugavi, kuna usimamizi wa ushirika na uhasibu, kuna maendeleo ya uchumi wa jamii. Je, mnadhani foleni za milango hiyo zinalingana urefu? Jina ambalo kila mzazi analijua, kama sheria au uhasibu, huvuta watu. Jina refu ambalo mzazi hajawahi kulisikia, watu wanalipita. Na mara nyingi yule anayelipita hajasoma hata mstari mmoja wa kinachofundishwa ndani yake. Hilo linauma, maana mtoto wa mkulima wa kahawa anapita mlango wa ushirika bila kuuliza, huku ushirika ndio uliomsomesha babu yake.

Kwa hiyo usiulize chuo. Uliza programu. Na ukishaiuliza programu, isome sentensi yake ya sifa mpaka nukta ya mwisho.

Sentensi hizo ziko kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, unaotolewa kila mwaka na kupatikana bure kwenye tovuti yao. Kuna mwongozo wa wenye kidato cha sita na kuna mwongozo wa wenye stashahada, usichanganye. Tumia wa mwaka huu, si wa kaka yako, kwa sababu sifa hubadilika. Kila programu ina jina, namba ya programu, masharti, pointi za chini, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Tafuta maneno madogo: "na", "au", "mojawapo". Programu inayosema "prinsipo mbili kati ya masomo yafuatayo" ni pana. Programu inayosema "prinsipo ya somo hili, na nyingine mojawapo kati ya yafuatayo" ina kufuli. Kama somo lile la kwanza ulipata S, huingii, hata kama mengine mawili una A.

Mnamkumbuka binti wetu wa Kibosho mwenye D, D na S? Tuseme alisoma HGE, yaani History, Geography na Economics, na S ile iko kwenye Economics. Ana pointi 4.0, hilo halina ubishi. Akiomba programu inayokubali History na Geography, ana nauli. Akiomba programu inayodai prinsipo ya Economics, pointi zake 4.0 hazimsaidii kitu. Mfumo utamkataa kabla mtu yeyote hajaliona jina lake.

Halafu kuna mkia wa sentensi. Programu nyingi za biashara, uchumi na kompyuta zina mkia unaohusu hisabati: kama huna Advanced Mathematics, basi uwe na angalau S ya BAM, au uwe na daraja fulani la hisabati ya kidato cha nne. Tumchukue kijana wa Himo, HGE, ana C na D, pointi 5, anajiona salama. BAM alipata F kwa sababu aliiona ni somo la ziada. Hisabati ya kidato cha nne alipata D. Programu aliyoitaka inasema S ya BAM au C ya kidato cha nne. Anakosa akiwa na pointi 5, na anayechukuliwa ana pointi 4. Wazazi wenye watoto wa kidato cha tano, mmesikia? BAM isidharauliwe.

Na upande wa pili, zipo programu ambazo nauli yake yenyewe ni tofauti. Udaktari wa binadamu unataka prinsipo tatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, na pointi zisizopungua 6 kwa masomo yote matatu. Hata ukute chuo kina nafasi, mwenye 4 hapandi.

Sasa viti. Hapa naomba utulivu, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayowakatisha tamaa watu bila sababu, na wakati mwingine inawapa matumaini bila sababu.

Tuseme programu ina nafasi 200. Chuo hakiruhusiwi kuzidisha idadi iliyoidhinishwa na TCU. Maombi yameingia 700. Mzazi anapiga hesabu, 200 kwa 700, anaona mtoto ana nafasi chini ya tatu kati ya kumi. Anakata tamaa. Je, hesabu hiyo ni sahihi?

Tuifungue. Katika 700 hao, tuseme 150 hawana sifa, wameomba kwa kubahatisha. Wamebaki 550. Lakini tangu mwaka 2017, mwombaji anaomba moja kwa moja kwenye chuo, tofauti na zamani tulipokuwa na mfumo mmoja wa pamoja wa TCU. Kwa hiyo kijana mmoja anaomba vyuo vitatu, vinne. Jina lake moja linaonekana mara nne nchini, na kila chuo kinamhesabu kuwa ni wake. Kumbe hao 550 wengi wao roho iko kwingine.

Chuo kinapanga majina kwa ufaulu, kinachukua 200 wa juu. Hao wa juu ndio hao hao waliochukuliwa pia na Mlimani, na Dodoma, na Mzumbe. Kila aliyepata zaidi ya chuo kimoja anatakiwa kujithibitisha kwenye chuo kimoja tu. Tuseme 90 wakajithibitisha kwingine. Viti 90 vimerudi wazi. Awamu ya pili inafunguliwa, na walio na pointi za kati wanaingia.

Huo ndio mwendo wa chuo kisicho na msongamano. Foleni inaonekana ndefu mwanzoni, halafu watu wa mbele wanatoka kwenda kupanda basi lingine. Kwenye programu yenye ushindani mkali, aliyepata hatoki. Awamu ya kwanza ikifungwa, imefungwa. Kwa hiyo swali zuri la kuuliza ofisi ya udahili ni hili: "Mwaka jana programu hii ilibakiwa na nafasi katika awamu ya pili?" Ukijibiwa ndiyo, na wewe una sifa kamili, matumaini yako ni makubwa. Swali la pili: "Wa mwisho kuchukuliwa alikuwa na pointi ngapi?" Ukiambiwa 4.0, maana yake karibu kila mwenye sifa aliingia. Ukiambiwa 6, basi nauli imepanda, na mwenye 4.0 ajue anasubiri kwenye mkia wa foleni. Majibu hayo ni ya mwaka jana, na mwaka huu unaweza kwenda tofauti, lakini yana msaada kuliko uvumi wa kijiweni.

Je, basi tusubiri awamu ya pili kwa makusudi? Hapana. Awamu ya pili inauza viti vilivyobaki. Unaweza kukuta kile ulichokitaka kimekwisha na kilichobaki hukijui. Omba awamu ya kwanza, siku za mwanzo, na awamu ya pili iwe akiba yako.

Sasa angalieni kosa linalorudiwa. Binti ana HGE, C, D na E, pointi 5. Anaomba vyuo vinne. Kila chuo anaandika sheria. Anasema, "Nimejihami, nimeomba vyuo vinne." Kweli amejihami? Amepanga foleni nne za tarehe 22 Desemba. Angeandika sheria chuo kimoja au viwili, akaweka programu ambayo wa mwisho mwaka jana alikuwa na pointi kama zake, akaweka na nyingine ambayo mwaka jana ilibakiwa na nafasi. Na hiyo ya mwisho iwe programu ambayo akiipata ataisoma kwa moyo mmoja, asiiandike kwa kujaza fomu tu. Mifumo mingi ya vyuo inakuruhusu kuchagua programu zaidi ya moja kwa mpangilio. Mpangilio huo ni wako, utumie kwa akili.

Ndugu zangu, sasa nakuja kwenye mambo ambayo yanaonekana madogo. Tafadhali msiyaone madogo.

La kwanza ni simu. Kijana anakwenda steshenari pale karibu na stendi, foleni ni kubwa, mhudumu ana haraka. Anamjazia fomu. Sehemu ya simu na baruapepe, mhudumu anaweka za kwake, kwa sababu ndizo zilizo karibu. Wiki nne baadaye kijana amechukuliwa na vyuo viwili. Namba maalumu ya siri ya kujithibitisha inatumwa. Inatumwa wapi? Kwa mhudumu, ambaye amejazia watu mia na hamkumbuki hata mmoja wao. Muda wa kujithibitisha unapita, na kijana yuko nyumbani anasubiri majina.

Kwa hiyo namba ya simu iwe ya mwombaji au ya mzazi, laini iliyo hai, na ibaki hai mpaka mtoto asajiliwe chuoni. Baruapepe iwe yake, na nywila iandikwe kwenye daftari nyumbani. Na kama majina yametoka, jina lipo kwenye orodha ya waliodahiliwa zaidi ya chuo kimoja, na namba ya siri haijafika, usikae. Ingia kwenye akaunti yako kwenye mfumo wa chuo ulichodahiliwa, uombe kutumiwa tena.

Na hapa nawageukia wazazi ambao vijana wao wako JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Matokeo yanatoka na dirisha la udahili linafunguliwa wakati wao wako kambini, na simu wameziacha nyumbani kabatini, zimezimwa. Nani ataomba? Nani atajithibitisha? Kaeni na kijana kabla hajaondoka. Aandike kwa mkono wake programu anazotaka kwa mpangilio, akuachie namba zake za mtihani, cheti cha kuzaliwa, picha na nywila. Na simu yake itolewe kabatini, ichajiwe. Msije mkamchagulia ninyi programu mnazozipenda ninyi, kisha akarudi Septemba akakuta maisha yake yameshaandikwa.

La pili ni namba ya mtihani. Ina herufi, S kwa mtahiniwa wa shule au P kwa mtahiniwa wa kujitegemea, namba ya kituo, namba ya mtahiniwa, na mwaka. Mfumo unavuta matokeo yako kwa namba hiyo. Ukikosea tarakimu moja, unavuta matokeo ya mtu mwingine, au huvuti kitu. Ukiona jina lililotokea si lako, simama hapo hapo, usilipe, usibofye mbele. Waliorudia mtihani wana namba mbili au zaidi. Yule aliyesafisha hisabati kwa kujitegemea mwaka uliofuata lazima aingize na ile namba yake ya P, la sivyo mfumo unaona F ya zamani tu.

Wenye stashahada: mnahitaji GPA, yaani wastani wa ufaulu wa stashahada, ya 3.0 au zaidi, na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne, kuanzia D. GPA ya 2.9 haikaribishwi kwa sababu imekaribia. Na mnahitaji namba ya uhakiki ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, ile inayoitwa AVN. Namba hiyo haitoki kama chuo ulichosoma hakijawasilisha matokeo yako, kwa hiyo fuatilia chuoni kwako mapema, dirisha la udahili likiwa bado halijafunguliwa. Wiki ya mwisho kila mtu anapiga simu ile ile.

Waliosoma Kenya, na tunao wengi ukanda huu wa Namanga, Holili na Tarakea, lazima Baraza la Mitihani likilinganishe cheti chenu na cha hapa kabla ya kuomba. Anzeni mapema. Na malipo yote ya chuo cha umma yanapitia namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali inayotolewa na mfumo wenyewe. Mtu akikwambia umtumie pesa kwenye simu yake "akuunganishie nafasi", hana nafasi ya kukupa. Majina yote ya waliochaguliwa yanahakikiwa na TCU.

Kwa haraka, mikopo. Udahili na mkopo ni ofisi mbili tofauti. Kuchaguliwa chuo hakukupi mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, na ombi la mkopo lina dirisha lake, kwa hiyo usingoje majibu ya chuo ndipo uanze. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi. Na tumia namba ile ile ya kidato cha nne kwenye maombi ya mkopo uliyoitumia kwenye udahili. Aliyetumia mbili tofauti, Bodi inaona watu wawili.

Na yule kijana wetu wa Mwika, mwenye D, E na E? Nimemwacha nje tangu mwanzo, siwezi kuondoka bila kurudi kwake. Ana njia mbili zilizo wazi. Anaweza kusoma stashahada, ambako hitaji la kuingia ni prinsipo moja na S moja, na yeye anavuka hapo bila shida. Akiitafuta 3.0 kwa bidii, anakuja chuo kikuu akiwa na ujuzi mkononi tayari. Au anaweza kuingia programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, inayopokea mwenye angalau pointi 1.5 kwa masomo mawili. Yeye ana 3. Akimaliza na GPA ya 3.0, na C kwenye masomo matatu ya kundi lake, anaomba shahada kama wengine. Huria wana kituo kila mkoa, hapa Kilimanjaro na Arusha pia. Hata yule mwenye E tatu, mwenye pointi 2, njia hii inamfaa. Asijaze fomu za shahada kwenye vyuo vitano kwa kubahatisha akalipa ada tano za maombi, maana mfumo utamkataa mara tano.

Muda umeniishia na naona mikono mingi. Pale mezani upande wa kushoto kuna nakala za mwongozo wa mwaka huu za kusomea hapa hapa, na kuna vijana wawili watakaowasaidia kuhesabu pointi mkiwa na matokeo yenu. Hawajazi fomu za mtu, wanahesabu tu. Mama wa kilemba cha bluu, umenyoosha mkono tangu niliposema habari za JKT. Karibu, kipaza sauti kinakuja.